Gari Lisilo na Dereva Mlangoni mwa Stesheni

Wapangaji wa usafiri huchukulia kwamba mtu mzima hukubali kutembea yapata mita 800 kwenda kupanda treni, mwendo wa dakika kumi hivi. Duara la mita 800 kuizunguka stesheni lina eneo la kilomita za mraba 2 tu. Duara la kilomita 3, umbali ambao baiskeli au gari huumaliza kwa dakika chache, lina kilomita za mraba 28. Tofauti hiyo ya mara kumi na nne ndiyo inayoamua kama stesheni ya viunga vya jiji itajaa au itabaki na mlinzi wake. Katikati ya jiji jambo hili halina uzito mkubwa: nyumba zimebanana, mabasi yanapishana, na anayeshuka treni mara nyingi amekwisha fika. Viungani nyumba zimetawanyika, kila moja na ua wake, na barabara nyingi za mitaa zimepinda hadi zikaishia ukutani, hazitokei upande wa pili.

Mfano mzuri ni stesheni ya Dublin/Pleasanton katika jimbo la California, Marekani. Dublin hii si ile ya Ireland. Stesheni imekaa katikati ya barabara kuu namba 580, magari yakienda upande mmoja na kurudi upande mwingine, na reli katikati yao. Ilifunguliwa Mei 1997 ikiwa mwisho wa mstari mmoja wa BART, shirika la treni za abiria linalohudumia eneo la San Francisco tangu Septemba 1972. Mwaka 2000 mji wa Dublin ulikuwa na watu wapatao 30,000. Sensa ya 2020 ilikuta zaidi ya 72,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda kwenye nyumba mpya za upande wa mashariki, kilomita mbili, tatu, hata tano kutoka reli. Wakishaingia kwenye behewa, watu hao hufika katikati ya San Francisco bila kugusa foleni ya daraja la kuingia jijini. Kazi ni kulifikia behewa.

Jibu la miaka ya 1970 lilikuwa maegesho. BART ilijengwa kwa watu wenye magari, na stesheni zake za nje zikazungushiwa viwanja vya lami. Kwa jumla shirika hilo lina nafasi zaidi ya 40,000 za kuegesha. Nafasi moja, pamoja na njia ya kuipitia, hula mita za mraba kama 25 hadi 30, kwa hiyo magari elfu moja yanataka karibu hekta 3. Ardhi hiyo ni ile iliyo hatua chache kutoka treni, ambayo ingefaa kuliko nyingine zote kwa nyumba, maduka na shule, nayo inatumika kulaza magari kutoka asubuhi hadi jioni. Kabla ya mwaka 2020 viwanja vingi vilijaa alfajiri, na waliotaka kibali cha mwezi walijiandikisha wakasubiri zamu. Janga la korona likabadilisha hesabu. Mwaka 2019 BART ilibeba abiria wapatao 400,000 kwa siku ya kazi. Miaka iliyofuata idadi ikabaki chini ya nusu ya hapo, na lami ikaonekana.

Hata kabla ya hapo shirika lilikwisha anza kugeuza mawazo. Sera yake ya mwaka 2016 kuhusu namna ya kufika stesheni inapanga vipaumbele kwa ngazi: kwanza waenda kwa miguu, kisha baiskeli, kisha mabasi, kisha magari ya kuleta na kuchukua abiria, na chini kabisa gari la kuegesha. Gari linalojiendesha linaingia kwenye ngazi ya nne. Ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kulipa sifa za ngazi ya kwanza.

Wahandisi hugawa uwezo wa magari haya katika viwango, kuanzia 0 hadi 5. Linalohusika hapa ni kiwango cha 4: gari linajiendesha lenyewe bila mtu kwenye usukani, lakini ndani ya eneo lililopimwa na kuchorwa ramani kwa undani, na katika hali ya hewa inayoruhusiwa. Linaona kwa kamera, rada na miale ya leza, na kompyuta yake inakadiria kila kilicho mbele kitaelekea wapi. Kampuni ya Waymo, iliyozaliwa ndani ya Google kutokana na mradi wa mwaka 2009, ilianza kutoza nauli Desemba 2018 katika viunga vya Phoenix, Arizona, na Oktoba 2020 ikawafungulia wananchi huko magari yasiyo na mtu mbele. San Francisco ilifunguliwa kwa kila mtu Juni 2024. Njiani kulikuwa na ajali. Oktoba 2023 gari la kampuni nyingine, Cruise, lilimburuta mwanamke aliyekwisha gongwa na gari linaloendeshwa na mtu. Jimbo likasimamisha kibali, na Desemba 2024 mmiliki wake, General Motors, akaacha kugharamia biashara hiyo ya teksi. Kwa hiyo teknolojia ipo na inafanya kazi mahali fulani, na pia inaweza kufungiwa kwa siku moja. Mji unaopanga kuitegemea kwa safari za asubuhi za maelfu ya watu unapaswa kulijua hilo.

Ahadi yake kwa stesheni inaeleweka kwa hesabu ndogo. Tuseme nyumba iko kilomita 4 kutoka reli, mwendo wa dakika kumi. Gari linamchukua abiria, linamshusha, linarudi kumfuata mwingine. Mzunguko mzima, pamoja na kupakia na kushusha, ni dakika 25. Katika saa mbili na nusu za asubuhi linafanya mizunguko sita. Abiria elfu moja waliokuwa wakiegesha kila mmoja gari lake wanahudumiwa na magari 170 hivi, tena hayo hayahitaji kukaa kwenye ardhi ya stesheni mchana kutwa. Wakipanda wawili wawili, idadi hiyo inakaribia nusu. Hekta 3 za lami zinaachwa wazi. Familia iliyolazimika kuwa na gari la pili kwa ajili ya kulipeleka stesheni na kuliacha pale haina haja nalo tena.

Dhana hii haikungoja roboti. Mwaka 2016 mji wa Summit, New Jersey, ambao wakazi wake wengi hupanda treni kwenda Manhattan, uliamua kulipia safari za Uber za watu mia moja kwenda stesheni kwa miezi sita ya majaribio, badala ya kufikiria kujenga maegesho mengine. Dublin ya California nayo, kuanzia mwaka 2017, iliona shirika lake la mabasi, LAVTA, likilipa nusu ya nauli ya safari za pamoja za Uber na Lyft ndani ya mji, isiyozidi dola 5 kwa safari. Miradi yote miwili ilitumia madereva wa kawaida. Gari lisilo na dereva linakuja kushusha bei ya kitu ambacho tayari kinajulikana. Katika nchi zenye mishahara mikubwa, gharama ya wafanyakazi huwa nusu au zaidi ya gharama za kuendesha basi, na basi linalobeba abiria wanne usiku katika mitaa ya nyumba zilizotawanyika halirudishi hata mshahara wa anayeliendesha. Ndiyo maana mabasi ya viungani hupita mara moja kwa saa, na ndiyo maana watu hawayapandi. Akiondolewa dereva, basi dogo linaweza kupita kila dakika kumi. Hata hivyo gharama haziishi: kuna chumba cha watu wanaoyasimamia magari kwa mbali, wasafishaji, mafundi, umeme wa kuchaji na yadi ya kuyalaza.

Ugumu uko mlangoni, na hapo ndipo michoro mingi ya kupendeza inaposhindwa.

Asubuhi mambo ni mepesi, kwa sababu magari hufika moja moja na abiria hukusanyika taratibu kwenye jukwaa. Jioni treni huwamwaga wote kwa pamoja, kama ukumbi wa harusi unaotoa wageni kwa mlango mmoja. Tuseme treni ya jioni imeshusha watu 300 na 120 kati yao wanataka gari, kila mtu lake. Gari moja, tangu lisimame hadi liondoke, linatumia kama dakika moja: abiria ahakikishe kwamba ndilo lake, mlango ufunguke, begi liingie, mkanda ufungwe. Stesheni yenye sehemu kumi za kupakilia inaondoa magari kumi kwa dakika, na wa mwisho anaondoka baada ya dakika 12. Anayekaa kilomita 3 angekuwa anafungua geti la nyumbani kwa baiskeli. Wakati huo magari yanayosubiri zamu, kila moja likichukua mita saba za barabara, yamepanga foleni ya karibu mita 800, yaani umbali ule ule unaodhaniwa kuwa mwisho wa uvumilivu wa mtembea kwa miguu. Na ikiwa treni zinafuatana kila robo saa, foleni ya kwanza inaisha dakika chache tu kabla ya ya pili kuanza.

Dereva wa kibinadamu hupunguza tatizo hili kwa kuvunja sheria kidogo. Husimama pembeni mwa kivuko, hupanda ukingo, hupunga mkono kumruhusu mwenzake. Gari linalojiendesha limefundishwa kutii. Likikuta sehemu yake imekaliwa, litazunguka mtaa mzima lirudi, na kila mzunguko ni gari tupu linaloongeza msongamano ambao limekuja kuupunguza. Mbele ya kundi la watu wanaovuka bila mpangilio, kama ilivyo nje ya kila stesheni jioni, linasimama na kungoja kwa adabu mpaka kundi liishe.

Basi dogo la watu kumi na wawili linafuta sehemu kubwa ya hesabu hii. Watu 120 wanahitaji mabasi kumi, yanajaa kwa pamoja, na dakika mbili baadaye ukingo uko wazi. Kwa hiyo faida ya stesheni haitokani na kutokuwapo kwa dereva peke yake. Inatokana na watu kukubali kukaa na majirani zao ndani ya chombo kimoja na kuzunguka mitaa miwili mitatu kabla ya kufika kwao. Mchoro unaoonyesha kila abiria na gari lake la peke yake ni maegesho yale yale, ila sasa yanatembea.

Mabasi madogo ya namna hiyo yana historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mjini Capelle aan den IJssel, jirani na Rotterdam, Uholanzi, chombo kinachoitwa ParkShuttle kilianza kuunganisha stesheni ya metro ya Kralingse Zoom na eneo la ofisi la Rivium mwaka 1999. Njia yake haikufika kilomita 2. Hakikuwa na dereva, kilifuata sumaku zilizofukiwa barabarani, na kwa miaka mingi kilipita kwenye njia yake chenyewe, isiyochangamana na magari mengine. Kilifanya kazi kwa sababu kilipewa njia. Katika mji wa maji moto wa Bad Birnbach, Bayern, kusini mwa Ujerumani, shirika la reli la Deutsche Bahn lilianzisha basi dogo linalojiendesha Oktoba 2017, na miaka miwili baadaye likalifikisha hadi stesheni iliyo nje ya mji. Wageni wa mji ule wengi ni wazee, na basi lenyewe lilikwenda kwa mwendo wa mbio za polepole, huku mhudumu akiwa ndani.

Mwendo huo mdogo ndio udhaifu wa mabasi haya, wala hauondoi hatari zote. Mwaka 2020 huko Columbus, Ohio, abiria mmoja alianguka kutoka kitini basi la kampuni ya Ufaransa, EasyMile, liliposhika breki ghafla, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikasimamisha ubebaji wa abiria katika mabasi ya aina hiyo kwenye majimbo kumi. LAVTA nayo ilikuwa ikilijaribu basi la EasyMile kwenye barabara za mtaa karibu na stesheni ya Dublin/Pleasanton. Kati ya chombo kinachokwenda kilomita 15 kwa saa na teksi ya roboti inayokwenda kwa kasi ya magari ya kawaida kuna pengo, na kinachohitajika na stesheni, basi dogo lenye kasi ya mji, kiko ndani ya pengo hilo.

Kuna swali jingine, nalo ni zito kwa mashirika ya reli: mtu akishaketi ndani ya gari linalomruhusu kulala, kusoma au kufanya kazi, kwa nini ashuke stesheni? Jibu la sasa ni foleni na bei. Treni inaipita foleni, na kilomita nyingi za teksi ni ghali. Lakini Novemba 2025 Waymo ilianza kuwabeba abiria kwenye barabara kuu za mwendo kasi katika eneo la San Francisco, na tangu hapo safari ndefu ya kutoka viungani hadi jijini bila kugusa reli si jambo la kubuni tena. Watafiti wa California walijaribu kuona tabia za watu kabla magari yenyewe hayajaenea. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, washiriki 13 wa eneo la San Francisco walipewa madereva kwa wiki moja wawatumie wapendavyo, kana kwamba gari linajiendesha. Kilomita za magari yao zikaongezeka kwa asilimia 83, nyingine zikiwa safari za gari tupu lililotumwa kuchukua kitu au mtu. Jaribio la baadaye la kaya 43 mjini Sacramento likapata ongezeko la asilimia 60, na safari za mabasi na treni zikapungua. Watu 13 ni wachache mno kujengea sera. Mwelekeo, hata hivyo, haushangazi: safari isiyochosha hufanywa mara nyingi zaidi.

Wanaoweza kufaidika kuliko wengine wote ni wasioendesha kabisa: mzee aliyerudisha leseni, kijana asiye na leseni, mtu asiyeona. Kwao stesheni iliyo kilomita 4 ni sawa na stesheni isiyokuwapo, au ipo kwa hisani ya mtoto wa dada. Mtu asiyeona husifu gari ambalo haliwezi kumkatalia yeye na mbwa wake wa kumwongoza. Anayetumia kiti cha magurudumu yuko pabaya zaidi, kwa sababu gari dogo la kawaida halina ngazi ya mteremko ya kupandia, na pasipo dereva hakuna wa kumfungia kiti. Basi dogo lenye sakafu ya chini linamsaidia mradi ukingo wa stesheni uwe na kimo sawa na sakafu hiyo, kazi ya zege ambayo haihitaji kompyuta yoyote. Na wapo wasio na simu ya kisasa wala kadi ya benki. Kwao kitufe ukutani kando ya mlango wa stesheni kina thamani kuliko programu yoyote.

Afrika Mashariki hesabu inageuka. Nje ya stesheni za treni ya SGR jijini Dar es Salaam, au ya Syokimau nje ya Nairobi, iliyofunguliwa Novemba 2012 ikiwa na maegesho yake, huduma ya mlango hadi mlango ipo tayari: bodaboda, bajaji, teksi za simu. Bodaboda hungoja treni bila kuitwa, hupita kwenye vichochoro, na huchukua nafasi ndogo barabarani. Roboti huokoa mshahara wa dereva na kuongeza bei ya mashine. Mahali ambapo kipato cha dereva ni kidogo, mashine inanunuliwa kwa fedha za kigeni na mistari ya barabara imefutika, hakuna cha kuokoa. Hata hivyo, tatizo la mlangoni ni lile lile. Treni ikifika, pikipiki na bajaji zinaziba njia ya kutokea, na dawa ni ile ile: sehemu ya kupakilia iliyotengwa, njia ya waenda kwa miguu isiyokatizwa, na daladala kupewa nafasi ya mbele.

Kwa California kinachobaki ni ardhi. Sheria ya jimbo ya mwaka 2018, AB 2923, iliilazimisha miji kuruhusu nyumba za msongamano kwenye ardhi ya BART iliyo karibu na stesheni, ambayo kwa sehemu kubwa ni viwanja vya kuegesha. Mtu anayehamia kwenye ghorofa lililojengwa juu ya lami hiyo hahitaji roboti wala baiskeli. Kwa hiyo kila kiwanja kina wagombea wawili, nyumba na magari, na teksi za roboti zinaweza kulegeza ugomvi wao kwa kuwahudumia wa mbali bila kuchukua hekta. Dublin/Pleasanton ilionyesha ugomvi wenyewe: bodi ya BART ilisita kujenga ghorofa jingine la maegesho, kisha kaunti ya Alameda na LAVTA wakauchukua mradi. Jengo la zege la namna hiyo hudumu miaka 50 au zaidi. Wasanifu wengine sasa hushauri sakafu ziwe bapa, bila mteremko, na dari ziwe za juu, ili jengo liweze kugeuzwa ofisi au makazi magari yakipungua. Gharama ya ziada hulipwa wakati wa kujenga.

Chombo cha kila siku kilicho mikononi mwa wasimamizi ni ukingo wa barabara. Viwanja vingi vya ndege hutoza teksi za simu kila zinapochukua abiria, na stesheni inaweza kufanya vivyo hivyo: bure kwa basi dogo lililojaa, ada kwa gari la mtu mmoja, ada kubwa zaidi kwa gari tupu linalozubaa. Inaweza kuyataka magari yasubiri kwenye kona ya mbali ya kiwanja na kuitwa kwa namba treni inapokaribia, maana ratiba ya treni inajulikana na roboti haichoki kungoja. Lakini ukingo ulio ndani ya ardhi ya stesheni ni wa shirika la reli, na ulio nje ya geti ni wa halmashauri ya mji. Gari lililotozwa ndani litasimama nje, hatua ishirini kutoka hapo, mpaka pande hizo mbili zitakapokuwa na kanuni moja.